Fahirisi yangu ya h ni 3: niielezeje kamati ya vyeo kazi zangu za Kiswahili?

MwalimuIsimu anauliza:

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mhadhiri wa isimu ya Kiswahili katika chuo kimojawapo hapa Tanzania. Nimefundisha kwa miaka tisa, na mwaka huu nimeomba kupandishwa cheo niwe mhadhiri mwandamizi. Zamani mwombaji alikuwa akiwasilisha nakala za makala zake, zinapelekwa kwa wasomaji wa nje, na maoni yao ndiyo yaliyokuwa na uzito. Wasomaji hao bado wapo, lakini safari hii fomu imeongezwa ukurasa unaomtaka mwombaji ataje fahirisi yake ya h (namba moja inayojumuisha wingi wa machapisho yake na mara yalivyorejelewa), jumla ya mara alizorejelewa na wengine, na kwa kila makala kipimo cha athari (impact factor) cha jarida lililoichapisha. Ukurasa huo unatangulia faili zima, na mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati amenieleza kwamba wajumbe wengi huusoma huo kwanza.

Nina machapisho saba. Matano ni makala za Kiswahili katika majarida ya vyuo vya Afrika Mashariki, moja ni makala ya Kiingereza, na moja ni sura ya kitabu. Google Scholar inaonyesha kwamba yamerejelewa mara 21, 9, 5, 3, 2, 1 na 0, na inanipa fahirisi ya 3. Katika hifadhidata ambayo chuo chetu kinailipia, jina langu linatokea mara moja tu, kwa ile makala ya Kiingereza. Google Scholar inaihesabia mara 5, hifadhidata hiyo inaihesabia mara 2. Majarida yangu ya Kiswahili hayana kipimo cha athari, kwa hiyo nafasi zile kwenye fomu nimeziacha wazi. Kinachoniuma ni kwamba makala iliyorejelewa mara 21, inayohusu unyambulishaji wa vitenzi, ni ya Kiswahili. Nimekutana na walimu wa sekondari na wanafunzi wa uzamili wanaoitumia, na kwenye ukurasa ule inaonekana kama haikuandikwa.

Mwenzangu wa idara ya kemia, tulioajiriwa naye mwaka mmoja, ana fahirisi ya 14. Simwonei kijicho, maana namjua kuwa ni mchapakazi. Ila ningependa kuelewa namba hizi zinakokotolewaje hasa, kama ni halali kutuweka kwenye mizani moja, na niandike nini kwenye barua ya maelezo inayoambatana na fomu. Sitaki kulalamika mbele ya kamati. Nataka niwaeleze jambo la kweli kwa namna watakayoielewa.

MkutubiMstaafu anajibu:

Mwalimu, hongera kwa kufika hatua hiyo. Nimetumikia maktaba ya chuo kikuu hadi kustaafu, na swali lako niliulizwa mara nyingi na wahadhiri waliokuja dirishani wakiwa na fomu kama yako mkononi. Nianze na ukokotoaji, kwa sababu mtu anayejua namba imetoka wapi haiogopi.

Fahirisi ya h ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga machapisho yako kuanzia lililorejelewa zaidi hadi lililorejelewa kidogo, kisha shuka ukihesabu. La kwanza lina 21, imetosha. La pili lina 9, ambayo si chini ya 2. La tatu lina 5, ambayo si chini ya 3. La nne lina 3, ambayo ni chini ya 4, basi unasimama hapo na fahirisi yako ni 3. Sasa tazama jambo moja. Kama makala yako ya kwanza ingerejelewa mara 2,100 badala ya 21, bado ungepata 3. Fahirisi hii inamtambua mtu aliyechapisha kazi nyingi zenye mwitikio wa wastani, na inaifumbia macho kazi moja iliyotikisa uwanja. Mwaka 2006 Leo Egghe wa Ubelgiji alijaribu kuziba pengo hilo kwa fahirisi ya g, ambayo hujumlisha marejeo kwa kuyalimbikiza na kuyalinganisha na mraba wa idadi ya machapisho. Machapisho yako sita ya kwanza yana jumla ya 41, mraba wa 6 ni 36, mraba wa 7 ni 49, kwa hiyo fahirisi yako ya g ni 6. Kazi ni zilezile na aliyeziandika ni yuleyule, lakini namba imekuwa maradufu kwa kubadili kanuni tu.

Vilevile kumbuka kwamba kwa kawaida fahirisi ya h haishuki. Hukua kwa umri wa kazi, hata mtu akiacha kuandika, mradi wengine wanaendelea kumrejelea. Kwa hiyo kumlinganisha mwenye miaka tisa na mwenye miaka ishirini na tano ni kupima nani alitangulia kuajiriwa. Hirsch mwenyewe, katika makala ileile ya mwaka 2005, aligundua kwamba vinara wa sayansi za uhai walikuwa na fahirisi kubwa kuliko vinara wa fizikia, na akasema wazi kwamba nyanja hazilingani. Ikiwa fizikia na biolojia hazilingani, sijui kemia na isimu ya Kiswahili zitalinganishwa kwa msingi gani.

Kipimo cha athari kina historia nyingine, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ndipo kosa kubwa linapofanyika. Chanzo chake ni Eugene Garfield, Mmarekani aliyependekeza faharasa ya marejeo katika jarida la *Science* mwaka 1955, akaanzisha taasisi yake ya habari za sayansi huko Philadelphia, na kuanzia miaka ya 1960 akawa anatoa faharasa inayoonyesha nani amemrejelea nani. Lengo la kwanza lilikuwa kumsaidia msomaji kufuata wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Ripoti ya kila mwaka ya vipimo vya majarida ilianza mwaka 1975, na sisi wakutubi tuliipenda, kwa kuwa ilitusaidia kuamua tununue majarida yapi fedha zinapokuwa chache. Ukokotoaji wake ni mwepesi. Tuseme jarida lilichapisha makala 18 mwaka 2022 na 22 mwaka 2023, jumla 40. Hesabu mara zote ambazo makala hizo zimerejelewa ndani ya mwaka 2024 pekee. Ukipata 30, unagawa kwa 40, na kipimo cha jarida ni 0.75.

Hiyo ni wastani wa jarida, nayo haisemi lolote kuhusu makala yako. Wastani huo pia hupotoshwa kirahisi na makala chache. Mwaka 2005 wahariri wa *Nature* walikiri katika tahariri yao kwamba asilimia 89 ya marejeo yaliyokipa jarida lao kipimo chake yalitokana na asilimia 25 tu ya makala zake. Mfano mkubwa zaidi ni jarida la fuwele liitwalo *Acta Crystallographica*, sehemu A. Kipimo chake kilikuwa takriban 2 mwaka 2008, kikaruka hadi karibu 50 mwaka 2009, kwa sababu ya makala moja ya George Sheldrick iliyoeleza programu ya kompyuta ambayo watafiti wa fani hiyo huitumia na kuirejelea kila wanapofanya kazi. Aliyechapisha humo mwaka huohuo makala isiyosomwa na mtu angeweza kuandika 50 kwenye fomu yake.

Na kuhusu zile nafasi ulizoziacha wazi: majarida ya sanaa na fasihi yaliyoorodheshwa katika faharasa kuu ya kundi hilo hayakuwa yakipewa kipimo cha athari kabisa hadi ripoti ya mwaka 2023. Waliokitunga waliona kwamba dirisha la miaka miwili halifai kwa fani ambazo kazi huanza kusomwa taratibu na hudumu kwa muda mrefu. Kwa hiyo mwanafasihi wa Paris au London alikuwa na nafasi wazi kama zako kwa miongo kadhaa. Usione haya kuziacha wazi. Andika pembeni kwamba jarida halipimwi kwa kipimo hicho, na ueleze ni nani wanaolihakiki.

MkemiaNyanda anajibu:

Dada MwalimuIsimu, mimi pia ni wa kemia, ingawa si katika chuo chako. Nakubaliana na Mzee Mkutubi kwa mengi, lakini naomba nizitetee namba kidogo, kwa sababu nahofia zikitupwa tutarudi mahali ambapo mimi nimeshapita.

Nilipoomba cheo kwa mara ya kwanza, chuo nilichokuwa hakikuwa na ukurasa wa namba. Kulikuwa na wasomaji wa nje ambao majina yao yalichaguliwa na mkuu wa idara, na sikuwa mtu wa kambi yake. Msomaji mmoja alikaa na faili langu miezi kumi na minne, mwingine akaandika sentensi mbili tu kwamba kazi yangu ni ya kawaida. Mwaka uliofuata, walipoanza kuhesabu makala na marejeo, hakuna aliyeweza kusema kwamba kazi zangu hazipo. Kwa kijana asiye na mlezi kwenye kamati, namba ni ushahidi usiotegemea nani anampenda. Naomba tusilisahau hilo tunapoeleza udhaifu wake, ambao ni wa kweli.

Sasa nikueleze 14 ya mwenzako imejengwaje, maana yangu imejengwa hivyohivyo. Katika fani yetu makala hutoka maabara, na maabara ni watu wengi: anayeandaa sampuli, anayeendesha mashine, anayechambua, anayesimamia mradi. Makala yangu ya wastani ina waandishi saba, na fahirisi ya h humpa kila mmoja wao makala nzima, kama vile aliiandika peke yake. Wewe una machapisho saba, nami nakisia mengi uliandika mwenyewe. Mwaka 2015 wanafizikia wa majaribio mawili ya CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, walichapisha makala kuhusu uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154; katika kurasa zake 33, 24 zilikuwa orodha ya majina na taasisi. Kila mmoja wa watu hao anaweza kuihesabu. Kama kamati yenu haigawi kwa idadi ya waandishi, au angalau haiulizi mchango wa kila mwandishi, basi namba yangu na yako hazipimi kitu kimoja.

Halafu kuna wingi wa rejea zenyewe. Makala ya kemia hutoka na rejea arobaini au hamsini, nyingi zikiwa za miaka ya karibuni, na dunia nzima inachapisha makala za namna hiyo kila siku. Kapu limejaa, kwa hiyo kila mtu huokota. Makala ya isimu ya Kiswahili inasomwa na jamii ndogo, inarejelea vitabu vya miaka ya sabini na themanini, na waandishi wanaoweza kukurejelea wanahesabika. Kurejelewa mara 21 katika jamii hiyo, kwa maoni yangu, ni jambo kubwa kuliko mara 60 katika kemia ya vichocheo. Wataalamu wa vipimo hulisawazisha hilo kwa kugawanya marejeo ya makala kwa wastani wa makala za fani ileile na za mwaka uleule, na hiyo ni njia ya haki zaidi ya kulinganisha fani mbili. Shida ni kwamba wastani huo unatolewa na hifadhidata zilezile ambazo majarida yako hayamo.

MwalimuFizikia anajibu:

Naongeza mfano mmoja kutoka nyumbani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, aligundua wakati wa kutengeneza aiskrimu kwamba maziwa aliyoyaweka kwenye friza yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara, wenzake wakamcheka, lakini Osborne akarudi Dar es Salaam na kulijaribu. Makala yao ilitoka mwaka 1969 katika jarida la *Physics Education*, ambalo ni jarida la ufundishaji. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote, na wanafizikia bado wanabishana kama lipo na linasababishwa na nini.

Mtu mwenye chapisho moja, hata likirejelewa mara elfu, fahirisi yake ya h ni 1. Ningependa kila mjumbe wa kamati ya vyeo nchini aujue mfano huu kabla ya kufungua faili la mtu.

MhaririJarida anajibu:

Ndugu zangu, mimi nimehariri jarida la Kiswahili kwa miaka kadhaa, na nataka kuzungumzia jambo ambalo halijaguswa: marejeo yanayopotea. MwalimuIsimu anadhani amerejelewa mara 21. Nina hakika amerejelewa zaidi, na sababu za kutoonekana nyingi ni za kwetu wenyewe, wahariri na waandishi.

Programu inayohesabu marejeo haisomi kama mtu. Inatafuta jina, mwaka, kichwa cha makala na jina la jarida, na ikikuta tofauti huona kazi mbili. Sasa tazameni orodha zetu za marejeo. Mmoja anaandika "Juzuu ya 78", mwingine "Juz. 78", wa tatu "Na. 78". Jina la mwandishi mwenye majina matatu linaandikwa kwa namna nne, na mara nyingine jina la kwanza linafanywa la ukoo. Mwandishi wa Kiingereza anayerejelea makala ya Kiswahili hutafsiri kichwa bila kuacha kile cha asili, na hapo uzi unakatika kabisa. Matoleo yetu ya zamani yamepigwa picha tu, kurasa zimeinama na wino umefifia, kwa hiyo mashine haioni maandishi humo. Tasnifu nyingi za uzamili na uzamivu, ambako kwa kweli ndiko kazi za Kiswahili zinakorejelewa zaidi, zimejaa kwenye rafu za maktaba na hazijawahi kuwekwa mtandaoni.

Kuna athari nyingine ambayo haiwezi kuonekana hata tukiandika marejeo yetu kwa usafi wote. Kitabu cha sarufi cha shule hakina orodha ya marejeo, ingawa mwandishi wake amejifunza kutoka makala zetu. Mtunga mtihani harejelei. Chukueni Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) mwaka 1981: kuna wasomi waliotumia miaka ya maisha yao kwenye kazi hiyo, imeongoza tahajia na maana za maneno kwa kizazi kizima cha wanafunzi, wahariri na watangazaji, na katika fahirisi ya h ya mtu mmojammoja haionekani kabisa. Mimi huumia sana nikisikia msomi wa Kiswahili akiambiwa hana athari na mtu ambaye kila siku anaandika barua zake za ofisini kwa maneno yaliyosanifiwa na wasomi hao.

Ya kufanya yapo. Kwa upande wako, Mwalimu, jisajili ORCID, ambayo ni namba ya utambulisho wa mtafiti inayotolewa bure tangu mwaka 2012, uitumie kila unapochapisha ili kazi zako zisichanganywe na za mwenye jina kama lako. Fungua ukurasa wako wa Google Scholar mwenyewe, kisha tafuta kichwa cha kila makala kwa tahajia zote unazoweza kufikiria na uunganishe nakala zilizogawanyika. Tafuta pia katika OpenAlex, orodha ya wazi iliyoanza mwaka 2022, ambayo huingiza majarida mengi kuliko hifadhidata za kulipia. Kwa upande wetu wahariri, kila makala iwe na namba ya DOI (utambulisho wake wa kudumu mtandaoni), iwe na ikisiri ya Kiswahili na ya Kiingereza, na orodha ya marejeo iwe ya mtindo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu ubora wa jarida, kamati inaweza kuuliza swali zuri kuliko kipimo cha athari. AJOL, kituo kisicho cha faida cha majarida ya Afrika mtandaoni, chenye makao yake Afrika Kusini na kilichoanza mwaka 1998, kina utaratibu ulioandaliwa kwa kushirikiana na shirika la INASP la Uingereza wa kupima majarida kwa namna yanavyoendeshwa: kama yanaeleza jinsi uhakiki unavyofanywa, kama bodi ya wahariri ni ya watu halisi waliokubali kuwemo, kama matoleo yanatoka kwa wakati, kama makosa husahihishwa hadharani. Jarida hupewa nyota moja hadi tatu, au halipewi kabisa. Hilo ndilo jambo ambalo jarida dogo la Kiswahili linaweza kulifanikisha kwa bidii ya wahariri wake, bila kusubiri watu wa Boston walirejelee.

Na naomba uepuke jambo moja. Ukurasa kama huo wa fomu umewasukuma wahadhiri wengi kwenye majarida ya kitapeli, yale yanayokuandikia barua pepe asubuhi, yanakubali makala jioni bila mhakiki kuiona, kisha yanadai dola mia kadhaa, huku yakitangaza kipimo cha athari kilichotungwa na kampuni isiyojulikana. Namba yao itajaza nafasi kwenye fomu yako leo, na miaka mitano baadaye jina lako litakuwa limekwama hapo. Kabla ya kutuma mswada, hakikisha jarida limo katika orodha ya DOAJ (orodha ya kimataifa ya majarida yanayosomwa bure) au AJOL, au angalau soma matoleo yake mawili na umwandikie mtu aliyechapisha humo.

MwalimuIsimu:

Shikamoo Mzee Mkutubi, na asanteni nyote. Jana nilikaa hadi saa sita usiku nikifanya alichosema MhaririJarida. Makala yangu ya nne ilikuwa na pacha: mtu ameirejelea kwa kichwa kilichotafsiriwa, na mashine ikaihesabu kama kazi nyingine. Nilipoziunganisha ikafika 4. Ile ya unyambulishaji imetoka 21 hadi 24, kwa sababu jina langu lilikuwa limepinduliwa katika tasnifu tatu. Kwa hiyo leo fahirisi yangu ni 4, bila kuandika hata neno moja jipya. Nilipouona ukurasa umebadilika nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu, kwamba cheo cha mtu kinaweza kutegemea mkao wa herufi.

Nimeandika aya hii kwa ajili ya barua, naomba mnisahihishe:

"Namba zilizotajwa zimetoka Google Scholar, nilikozihakiki mwenyewe. Katika hifadhidata inayolipiwa na chuo inaonekana makala yangu moja tu, kwa kuwa majarida ya Kiswahili niliyochapisha hayajaingizwa humo. Kwa hiyo namba ya hifadhidata hiyo inaeleza makala moja ya Kiingereza na haielezi kazi yangu ya utafiti kwa ujumla. Makala zangu tano za Kiswahili zilihakikiwa na wataalamu wawili kila moja kabla ya kuchapishwa, na barua za wahariri zimeambatishwa. Makala kuhusu unyambulishaji wa vitenzi imerejelewa mara 24, zikiwemo tasnifu kumi na moja za vyuo vitano, na imo katika orodha ya usomaji ya kozi tatu ambazo mihtasari yake nimeambatisha. Naiomba kamati izilinganishe kazi hizi na za wanaisimu wa Kiswahili wa ngazi ninayoiomba, na isome makala mbili nilizoziteua."

MkutubiMstaafu:

Marahaba, mwanangu. Aya imekaa vizuri. Nina masahihisho mawili na nyongeza moja.

Kwanza, taja tarehe kamili uliyozihakiki namba, kwa kuwa Google Scholar hubadilika kila wiki, na mjumbe atakayefungua akakuta 25 au 23 asidhani umedanganya. Pili, sema wazi kwamba Google Scholar huhesabu pia tasnifu na maandiko ambayo hayakuhakikiwa. Wajumbe wanaojua wataliona hata usiposema, nawe ni afadhali uwe umelisema mwenyewe. Umeshaeleza kwamba tasnifu ni kumi na moja, kwa hiyo toa pia mgawanyo wa zile 13 zilizobaki: ngapi ni makala za majarida, ngapi ni vitabu, na ngapi ni wewe mwenyewe uliyejirejelea.

Nyongeza yangu ni hii. Mwishoni mwa barua, taja kwa sentensi mojamoja hati mbili ambazo kamati haiwezi kuzidharau. Moja ni Azimio la San Francisco, lililoandaliwa katika mkutano wa wanabiolojia wa seli Desemba 2012 na kutolewa mwaka 2013, linalokataza kutumia kipimo cha jarida kama badala ya ubora wa makala moja au mchango wa mtafiti mmoja. Limetiwa saini na maelfu ya taasisi na watu, kwa hiyo angalia kwanza kama chuo chako kimo. Ya pili ni Ilani ya Leiden iliyochapishwa katika *Nature* mwaka 2015, yenye kanuni kumi, na kanuni yake ya tatu inataka ubora wa utafiti wenye manufaa kwa jamii ya mahali ulindwe, hasa ule unaoandikwa kwa lugha zisizo Kiingereza. Wakikuuliza kama kuna wanaofuata mambo hayo, waambie kwamba mwaka 2020 serikali ya China iliagiza vyuo vyake viache kutoa zawadi za fedha kwa idadi ya makala zilizo kwenye faharasa za kimataifa, na kwamba mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, kilitangaza kuachana na kipimo cha athari katika kuajiri na kupandisha vyeo.

Halafu hizo makala mbili ulizoziteua, usizitume kama viungo vya mtandaoni. Zichapishe kwenye karatasi, zibane vizuri, na uziweke mwanzoni mwa faili, mara tu baada ya ule ukurasa wa namba.

MkemiaNyanda:

Na kwenye kila makala andika mchango wako: kwamba data ulikusanya wewe, uchambuzi ni wako, na huna mwandishi mwenza. Mimi siwezi kuandika hivyo hata kwenye makala yangu moja, na kamati inapaswa kulijua hilo inapotuweka sisi wawili kwenye jedwali moja.